Shikamoo za Saa Kumi

Nchi inayosimuliwa hapa haipo, na sisi wananchi wake tuko tayari kuapa kwamba haipo. Haina hata jina, kwa sababu jina lilipelekwa kamatini mwaka wa uhuru na kamati bado iko kwenye chakula cha mchana. Ila ina bendera, ina wimbo, ina bomba la maji katika kila mtaa, na ina Redio ya Taifa ambayo haijapata kusema uongo hata siku moja, maana haijapata kusema kitu. Msomaji anayeona kama anaifahamu nchi hiyo atakuwa ameifananisha tu, apumzike kidogo itampita.

Katika redio hiyo alikuwepo Sadala Mchengo, mpangusa vumbi wa chumba cha santuri. Alizipangusa santuri za gwaride, akazipanga, kisha akazipangusa tena. Lakini moyoni Sadala alikuwa mtangazaji. Aliamini kwamba Mungu, siku ya kugawa sauti, alimpa mbili: yake mwenyewe, na nyingine iliyokuwa imekusudiwa mtu mnene zaidi. Hiyo ya pili ndiyo aliyoitunza. Aliinywesha tangawizi, akaifunga skafu hata mwezi wa joto, na shemeji zake wakimwomba chumvi mezani aliwaitikia kwa sauti ya taarifa ya habari.

Mazoezi aliyafanyia nyumbani kwao, Mtaa wa Chemchemi, ambako palikuwa na pipa la maji. Maji yenyewe hayakuwamo. Bomba la Chemchemi lilizinduliwa kwa ngoma na utepe, likatoa maji mbele ya mgeni rasmi, na mgeni rasmi alipoondoka maji nayo yakaondoka naye. Pipa likabaki kavu, na pipa kavu lina mwangwi. Kila asubuhi Sadala alitumbukiza kichwa ndani akasema, "Hapa ni Redio ya Taifa," na pipa likamjibu kwa heshima ambayo hakuwahi kuipata ofisini. Wazee wa mtaa wakipita walisema debe tupu haliachi kuvuma. Sadala hakuwa mjinga. Hakuwauliza kama walimaanisha pipa au yeye.

Mama yake, Bi Zamoyoni, alikuwa amevuka miaka sabini na magoti yake yalivuka kabla yake. Maji aliyateka kisimani, ng'ambo ya kilima, ndoo kichwani, akipumzika kila penye kivuli. Hakumlaumu mwanawe kwa kulitumia pipa. Alimwambia tu siku moja, akiwa ameishusha ndoo na bado anahema:

"Mwanangu, hicho kipindi chako ukikipata, niweke na mimi. Sitaki maneno mengi. Nataka niwaulize neno moja tu: maji lini?"

"Utauliza, mama," akasema Sadala kwa ile sauti ya mtu mnene, tena mbele ya majirani. "Naahidi mbele ya mtaa mzima."

Aliahidi kwa sababu ahadi ilisikika vizuri sana ikitoka. Baadaye alipomwona mama yake akijikanda magoti kwa mafuta ya mbarika, ahadi ile ilimkaa kooni, na safari hii hata tangawizi haikusaidia.

*

Nafasi ikapatikana. Mtangazaji wa Jumamosi saa kumi alasiri alikuwa amekohoa hewani wakati akisoma salamu za Mkuu wa Nchi, akateuliwa siku hiyo hiyo kuwa balozi katika nchi ya baridi kali. Kwetu ndivyo watu wanavyoadhibiwa wakiwa na elimu. Sadala akaomba kujaribiwa, na kwa kuwa kila mwenye sifa alikuwa anaogopa kukohoa, akakubaliwa aandae kipindi chake cha kwanza.

Alikiandaa kwa moyo wake wote. Kingeitwa *Kero ya Mtaa*. Mwananchi angekuja, angeeleza kero yake, mkubwa anayehusika angejibu, watu wangeagana. Nusu saa. Mgeni wa kwanza: Bi Zamoyoni wa Chemchemi.

Kamati ya Maudhui na Maadili ilikutana kukijadili. Mwenyekiti wake alikuwa Mkurugenzi wa Redio, Dakta Bonifasi Kilembwe, ambaye udaktari wake ulikuwa wa kitu ambacho hakuna aliyethubutu kumuuliza.

"Ndugu Mchengo," alisema Dakta Kilembwe, "kamati imelipima neno *kero* kwa kina na mapana. Imeonekana kwamba neno hilo linakera. Kipindi kitaitwa *Mtaa Shwari*."

Sadala alikuwa amejiandaa kukataa. Hotuba ya kukataa aliifanyia mazoezi pipani asubuhi ile, na pipani ilitisha. Akafungua mdomo.

"Wazo zuri sana, mheshimiwa," ikatoka.

"La pili," akaendelea Dakta Kilembwe. "Hapa umeanza kwa kusema *Hamjambo wasikilizaji*. Hivi wasikilizaji ni akina nani hata waamkiwe kwanza? Wewe hukufunzwa adabu nyumbani? Mtoto akiingia mahali anaanza na wakubwa!"

Wajumbe wote wakatikisa vichwa kwa huzuni, kila mmoja akitazama kama mwenzake naye anatikisa.

Hapa inafaa msomaji aelezwe sheria. Nchini kwetu kuna Sheria ya Umri wa Kiserikali, inayosema kwamba cheo ni umri. Waziri, hata kama jana alikuwa anacheza gololi, ana miaka tisini. Naibu wake ana themanini na mitano. Mkuu wa Nchi hana umri, kwa sababu umri una mwisho. Kwa hiyo ilikuwa wazi kisheria kwamba kipindi kianze kwa mtangazaji kuwapa wakubwa shikamoo, mmoja mmoja, kwa jina na cheo kamili, kwa sababu ukiwaamkia kwa mkupuo yupo atakayesema hakuamkiwa.

Basi wakaanza kutaja. Mkuu wa Nchi, makamu, mawaziri, manaibu, makatibu, wakuu wa mikoa. Mjumbe mmoja akamkumbuka Msimamizi wa Mapazia ya Ikulu. Mwingine akauliza itakuwaje kuhusu wakubwa waliostaafu, maana wanaweza kurudi. Mwingine akataja wale ambao bado hawajateuliwa lakini wana dalili. Sadala aliitikia kila jina kwa "naam", na kila "naam" alijidharau kidogo zaidi, ila alijidharau kwa sauti nzuri, nayo ilimfariji.

"Na mgeni wa kipindi, mheshimiwa?" aliuliza mwishoni.

"Atasikika."

"Lini?"

"Muda ukibaki," akasema Dakta Kilembwe, akafunga kikao.

*

Jumamosi ikafika. Mtaa wa Chemchemi ulikusanyika barazani kwa Bi Zamoyoni, redio ikawekwa juu ya kigoda, wenye watoto wachanga wakawanyonyesha mapema ili wasilie. Bi Zamoyoni alikwisha kuambiwa kwamba zamu yake imesogezwa mbele, naye akasema hewala, atasikiliza kwanza mwanawe anavyoanza.

Na Sadala alianza. Studio ilikuwa na baridi, taa nyekundu ikawaka, na ile sauti ya mtu mnene ikajitokeza kama ilivyokuwa imeahidi miaka yote. "Shikamoo, Mheshimiwa Mkuu wa Nchi, Mlezi wa Mito, Baba wa Barabara! Shikamoo, Mheshimiwa Makamu! Shikamoo, Mheshimiwa Waziri wa Maji na Mawasiliano!" Wizara hizo mbili zilikuwa zimeunganishwa kwa vile zote hupita kwenye mabomba na nyaya, na zote hukatika. Akaendelea hivyo, akifurahia kila herufi, akasahau kwamba alikuwa na jambo lolote la kusema. Alipomfikia Msimamizi wa Mapazia muda ulikuwa umekwisha.

Alirudi nyumbani polepole ili watu wapate nafasi ya kumpongeza. Aliyemlaki ni jirani yao Bi Sijali, muuza vitumbua, ambaye alikuwa anacheka mpaka ameshika ukuta.

"Sadala we! Mama yako leo kala vyeo vyote vya serikali!"

Ilikuwa hivi. Sadala aliposema shikamoo ya kwanza, baraza zima lilingoja. Hakuna aliyeitikia. Na kwetu shikamoo haiachwi hewani. Ni sawa na kumwacha mtoto amenyoosha mkono. Ndipo Bi Zamoyoni akasema, "Marahaba." Ikaja ya pili, akasema tena, "Marahaba." Bi Sijali akamshika goti. "Bi Zamoyoni, anayeamkiwa ni waziri!" Naye akajibu, "Huyo waziri yuko hapa? Hayupo. Asiyekuwepo na lake halipo. Mtoto nimemlea mimi, akiamkia watu wasimwitikie, aibu ni ya nani?" Watu wakaona kweli. Kuanzia hapo wakaitikia wote kwa pamoja, mpaka kwa Msimamizi wa Mapazia.

Sadala akaingia ndani. Mama yake alikuwa amekaa kwenye mkeka.

"Umeamkia vizuri, mwanangu," akasema. "Nimeitikia zote, hata koo limenikauka. Na maji hakuna."

Sadala akatamani aingie ndani ya pipa mzima mzima na mtu amfunikie kifuniko.

*

Wiki ya pili muda haukubaki. Ya tatu pia haukubaki, kwa sababu serikali iliongeza manaibu. Lakini jambo la Chemchemi lilikuwa limeshatoka Chemchemi. Jumamosi ikifika saa kumi, marahaba ilisikika sokoni, ikasikika hospitalini, ikasikika kwenye foleni ya mafuta ya taa. Vinyozi waliinua wembe, wakaitikia, wakaendelea. Wazee ambao hawakuwa wamepewa shikamoo na serikali tangu kuzaliwa kwao walikuwa sasa wanaipata kila wiki, kwa sauti nzuri, tena wakiwa wamekaa. Wengine walianza kuoga kabla ya kipindi, pale maji yalipokuwepo.

Sadala akipita mitaani aliona watu wanamtabasamia. Alidhani ni ile sauti. Akaongeza tangawizi.

Serikali haikutabasamu. Wataalamu wake walitoa taarifa kwamba nchi inapoteza heshima kwa wingi, na kwamba heshima iliyotolewa kwa mkubwa inapokelewa njiani na watu wasiohusika. Kosa hilo likapewa jina: wizi wa heshima. Naibu waziri mmoja alijipima kwenye fremu ya mlango wake akakuta amepungua. Mwingine alilalamika kwamba tangu kipindi kianze, suti zinamvaa yeye.

Ikatolewa amri kila mkubwa aitikie shikamoo yake mwenyewe, haraka, kabla ya mwananchi. Ikawa saa kumi ikigonga Bunge linasimama, misafara inaegesha, wakubwa wanatega masikio. Waziri wa Ardhi aliitikia akiwa kwa daktari wa meno, koleo mdomoni. Lakini hawakuwaweza wananchi. Mkubwa, kabla hajasema marahaba, ilimpasa amuulize msaidizi wake kama ni wakati mwafaka, msaidizi aulize juu, na aliyeko huko juu alikuwa bado anangoja zamu ya marahaba yake mwenyewe. Wakati huo Bi Sijali ameshaitikia na amegeuza vitumbua.

Ndipo Dakta Kilembwe akamwita Sadala ofisini. Alikuwemo pia bwana mmoja wa miwani myeusi ambaye hakutambulishwa.

"Ndugu Mchengo, kipindi chako kinasikilizwa nchi nzima. Watu wanakiitikia."

"Nashukuru sana, mheshimiwa."

"Tunataka kumjua mtu aliyelianzisha jambo hili kubwa. Anastahili kupata anachostahili."

Msomaji amekwisha kuelewa. Sadala hakuelewa. Sadala aliona zawadi: aliona cheti, aliona picha ya mama yake gazetini na yeye akiwa pembeni ameinamisha kichwa kwa unyenyekevu, lakini si sana.

"Ni mama yangu mzazi!" akasema, kwa sauti iliyofika korido. "Bi Zamoyoni wa Chemchemi! Wengine wote wamemuiga yeye!"

Yule bwana wa miwani akavua miwani, na kwa macho yake Sadala akajua alichofanya. Alitaka kuyameza maneno. Yalikuwa yametamkwa vizuri mno, kila herufi mahali pake, hakuna aliyeweza kudai hakusikia. Miaka yote ya mazoezi na tangawizi, na neno la kwanza la maana alilowahi kulisema ndani ya jengo lile lilikuwa la kumchongea mama yake.

Hukumu ilitolewa palepale, kwa upole. Jumamosi Bi Zamoyoni angeletwa studio. Mbele ya taifa zima angempa Waziri wa Maji na Mawasiliano shikamoo, Waziri angesema marahaba, na heshima ya nchi ingekuwa imerudishwa kwa mwenyewe. Akikataa, mama angelala ndani na mwana angerudi kwenye vumbi, tena si la santuri.

*

"Kwa hiyo nimepata nafasi?" aliuliza Bi Zamoyoni.

"Mama, sikiliza. Unakwenda kuomba radhi."

"Redioni?"

"Redioni."

"Watu wote wakisikia?"

"Wote, mama."

"Nipigie pasi ile kanga yangu ya maua."

Sadala akapiga magoti mkekani. Machozi yalikuwa yanamtoka, na sauti iliyotoka nayo haikuwa ya mtu mnene. Ilikuwa ile nyembamba aliyozaliwa nayo. "Mama, nakuomba. Sema hilo neno moja, turudi nyumbani. Mimi ndiye niliyekutaja. Nilidhani wanakupa tuzo. Ukifungwa kwa ajili ya ujinga wangu nitakwenda wapi mimi?"

Bi Zamoyoni akamfuta uso kwa upindo wa kanga. "Nimpe shikamoo kijana wa kumzaa? Nikifa leo nikawakuta wenzangu huko, nitawaambia nini?"

"Kwa mujibu wa sheria ana miaka tisini, mama."

"Basi mwambie anipe siri yake, maana magoti yake bado mazima."

*

Kwa uzito wa tukio, shikamoo nyingine zote za Jumamosi ile ziliahirishwa. Nusu saa nzima iliachwa kwa ajili ya neno moja la mama mmoja. Dakta Kilembwe alisimama nyuma ya kioo pamoja na kamati yake yote. Ndani ya studio walikuwa watatu: Sadala mbele ya swichi zake, Bi Zamoyoni kwenye kiti kikubwa miguu ikining'inia, na Mheshimiwa Lukasi Mapembe, Waziri wa Maji na Mawasiliano, mwenye miaka arobaini na kidogo kwa hesabu ya mama yake mzazi. Waziri alikuwa amevaa suti ya kijivu na alikuwa anatabasamu kwa ajili ya redio.

Taa nyekundu ikawaka. Sadala akatangaza alivyoandikiwa, kwamba sasa mama huyu mwananchi mtiifu atamwamkia Mheshimiwa. Kisha akamwangalia mama yake kwa macho ya kumwomba.

Bi Zamoyoni alimtazama Waziri, bila hasira, jinsi mtu anavyomtazama kijana aliyeingia uani kwake akasimama bila kupiga hodi. Alimtazama usoni, akamtazama mikono, akamrudia usoni. Kule nyuma ya kioo Dakta Kilembwe alianza kupunga mkono. Nchi nzima ilikuwa inasikiliza mtu akipumua.

Waziri akatabasamu zaidi. Halafu akatabasamu kidogo. Akakohoa, akakumbuka kukohoa hewani ni nini, akashtuka. Akavuta kola. Bi Zamoyoni bado anamtazama, wala hana haraka. Na Mheshimiwa Lukasi Mapembe, ambaye kabla ya kupewa miaka tisini alikuwa amelelewa na watu, akainamisha kichwa bila kutaka.

"Shikamoo, mama," akasema.

"Marahaba, mwanangu," akaitikia Bi Zamoyoni. "Maji lini?"

Nyuma ya kioo kamati nzima ilikuwa inapunga mikono. Swichi ya kuzima ilikuwa chini ya kidole cha Sadala, na kazi yake, mshahara wake na ile sauti yake vyote vilimwambia aibonyeze. Akakiondoa kidole, akakikalia.

Waziri alifungua mdomo, kwani majibu anayo. Ana ya mchakato na ana ya upembuzi yakinifu. Lakini umekwisha kumwamkia mtu na amekuitikia, unamwambiaje upembuzi yakinifu?

"Sijui, mama," akasema.

Bi Zamoyoni akatikisa kichwa taratibu, akajisogeza pembeni ya kile kiti kikubwa, akapiga mahali palipobaki kwa kiganja.

"Haya, njoo ukae hapa," akasema. "Tungoje wote."

Waziri akamtazama Sadala, kama vile mtangazaji ndiye mwenye kujua utaratibu. Sadala aliendelea kukikalia kidole chake. Waziri akaenda akakaa. Taa nyekundu iliendelea kuwaka, na katika kila nyumba yenye redio watu walikaa, wakangoja pamoja nao.